Dogo kadesa shairi, bibi akamuumbua!

Leo nawapeleka Ngamiani, kwenye baraza ya bibi yangu, ambako juzi mdogo wangu nusura alie.

Yuko kidato cha tatu. Mwalimu wa Kiingereza kawapa shairi moja la kwenye Growing Up With Poetry, kile kitabu alichohariri David Rubadiri mwaka 1989. Wengi wetu tulikutana nacho tukiwa na Kiingereza cha kuombea maji. Dogo hakujisumbua. Kachukua simu yangu, kafungua ChatGPT, kaandika jina la shairi. Chai haijapoa, maelezo yakamwagika: dhamira, tamathali, ujumbe kwa jamii. Kimombo cha hali ya juu!

Nikamwambia afungue kitabu tulinganishe. Loh! Mistari miwili ambayo mashine ilidai kuinukuu haimo. Tukapekua mpaka jalada, wapi!

Msishangae. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 wapo wanaoiona kama mganga, kumbe kazi yake ni kubashiri neno linalofuata, kutokana na lundo la maandishi iliyolishwa. Ikikwama, mara nyingi haisemi; inatunga, tena kwa kujiamini kama dalali wa viwanja. Sasa fikiria dogo angeipeleka mistari hiyo kwenye mtihani.

Bibi alikuwa anachambua mchicha, kimya. Mara akasema, "Hebu nisomee hilo la kitabuni."

"Bibi, ni la Kiingereza."

"Mie n'na masikio, mjukuu wangu. Soma."

Akasoma. Bibi akainua kichwa. "Kuna neno limerudi mara tatu. Ndiyo nini hilo? Na mbona lang'ang'aniwa?"

Hapo ndipo dogo alipoumbuka. Dhamira anayo, tena aya nne, lakini neno lenyewe hakulitia akilini. Ikabidi amfasirie bibi shairi zima, mstari kwa mstari, huku akibanwa: "Hapo hujasema kitu. Rudia." Mpaka magharibi ikaingia. Ghafla akaruka mwenyewe: "Kumbe analirudia kwa sababu anaogopa!" Kwenye maelezo ya mashine hilo halikuwemo.

Nikamkumbuka Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani, hapa hapa Tanga, aliyezaliwa 1909. Yeye alimleta Omar Khayyam kwenye Kiswahili akipitia Kiingereza cha Edward FitzGerald. Kazi ile haiendi kwa kudesa. Lazima kila neno uliulize lafanya nini pale.

Sisemi simu itupwe baharini. Darasa likifurika, mwalimu mmoja hawezi kumsikiliza kila mtu, na mashine haichoki. Ila geuza kibao. Soma kwanza kwa sauti, mara tatu. Mfasirie mtu wa nyumbani. Kisha nakili shairi kutoka kitabuni, uiambie mashine: usinieleze, niulize maswali, halafu nikosoe Kiingereza changu. Ikikunukulia chochote, kakihakikishe kitabuni.

Dogo kaandika insha yake mwenyewe. Kiingereza kimepindapinda kama barabara ya Lushoto, lakini ni chake. Kapata ngapi? Mwalimu hajarudisha madaftari. Bibi yeye keshatoa maksi zake: kamwambia wiki ijayo alete shairi jingine.