Motokari Inalia Chini: Iulize Kwanza, Usiifungue

Ndugu mfanyakazi, siku ya mapumziko umetoa motokari yako nje ya lupango, umeweka gia, na sauti usiyoijua inatoka chini. Inalia wiii, au inakwaruza kama mawe katika debe. Majirani wanafika, kila mtu na dawa yake. Mmoja anasema bwati imekufa, nunua nyingine. Wa pili anatafuta kriki ili aingie chini mara moja. Kabla ya kuwafuata, soma ukurasa huu.

Wengi wetu hapa Lubumbashi tunaendesha motokari zilizotumika kwanza Japani, zikapita Dar es Salaam na Zambia hadi Kasumbalesa, usukani ukiwa upande wa kuume. Nyingi zina bwati otomatiki. Anayeifungua bila kujua sababu hupoteza mshahara wake. Anayeingia chini yake vibaya anaweza kupoteza uhai.

Kwenye dispensari, mgonjwa akisema «ninaumwa», hatukimbilii sindano. Tunamuuliza: tangu lini? Wakati gani? Ukitembea au ukilala? Sauti ya bwati inaulizwa vilevile.

NDANI YA BWATI KUNA NINI

Kati ya injini na gia kuna konvetisa, chombo cha mviringo kilichojaa mafuta. Injini inasukuma mafuta, na mafuta yanasukuma gia. Mjerumani Hermann Föttinger alibuni njia hii ya kupitisha nguvu mwaka 1905, kwa ajili ya meli. Karibu na konvetisa kuna pampu ya mafuta. Nyuma yake kuna gia za sayari: gia moja katikati, gia ndogo zinazoizunguka, na pete yenye meno inayozifunga zote. Diski ndizo zinazokamata na kuachia ili gia zibadilike. Vyote hivi vinaishi kwa mafuta.

KWANZA, MAFUTA

Bwati yenye mafuta machache hulia hata kama meno yake ni mazima, kwa sababu pampu inavuta hewa. Kwa hiyo anza hapo. Katika motokari nyingi zenye kijiti cha kupimia, fanya hivi: tembea mpaka bwati ipate moto, simama mahali pa sawasawa, vuta freni ya mkono. Injini ikiwa inawaka, kanyaga freni, pitisha mkono wa gia katika nafasi zote, urudishe kwenye P. Chomoa kijiti, kipanguse kwa kitambaa safi, kirudishe, chomoa tena usome alama ya moto. Aina nyingine hupimwa injini ikiwa imezimwa, na nyingine hazina kijiti kabisa. Fuata kitabu chake au fundi anayeijua.

Tazama rangi na unuse. Mafuta mengi ya bwati ni mekundu yakiwa mapya. Yakiwa meusi na kunuka kuungua, diski zimechoka. Yakiwa kama maziwa yenye wekundu, maji yameingia, mara nyingi kutoka radiata: usiendeshe tena. Ukiona vumbi la chuma linalong'aa, kuna kitu kinachosagika ndani. Usiongeze mafuta ya injini wala mafuta ya aina usiyoijua. Bwati isiyo na gia za hatua, ile inayovuta kwa mkanda wa chuma, ina mafuta yake peke yake.

SASA IULIZE MASWALI

1. Je, inalia hata ikiwa imesimama? Ikilia kwenye P na N, na sauti ikipanda pale injini inapopanda, shaka pampu, kichungi kilichoziba au mafuta machache. Ikiwa ni kugonga kwa chuma injini inapozunguka polepole, fundi atazame kwanza boliti za konvetisa na sahani inayoishika kwenye injini. Sahani hiyo ikipasuka hugonga kama injini mbovu, na watu wamefungua injini nzima bure.

2. Je, inalia kwenye D na R ukiwa umesimama na freni, kisha inanyamaza kwenye N? Shaka konvetisa.

3. Je, sauti inabadilika na gia? Katika bwati nyingi za zamani zenye gia 4, gia ya 3 hupitisha nguvu moja kwa moja, na gia za sayari huzunguka pamoja kama kitu kimoja. Sauti inayosikika kwenye 1 na 2, ikapotea kwenye 3, inaonyesha meno ya sayari.

4. Je, inafuata injini au inafuata magurudumu? Katika njia iliyonyooka isiyo na watu, tembea kilomita 40 kwa saa kwenye D, kisha kwa mwendo uleule weka gia ya chini. Injini itazunguka haraka zaidi, lakini magurudumu ni yaleyale. Sauti ikipanda, tafuta kwenye bwati au injini. Isipobadilika, tafuta difrensi, rulema za magurudumu au mipira. Rulema mbaya mara nyingi hubadilisha sauti ukikata kushoto au kuume. Mpira hubadilisha sauti ukitoka lami kuingia udongo. Na ile ta-ta-ta unapokata kona ni kiungo cha ekseli ya mbele: bwati haina kosa.

Andika majibu kwenye karatasi umpelekee fundi. Karatasi hiyo inaweza kukuokoa usinunue bwati kwa ugonjwa wa rulema.

KABLA YA KUGUSA

Angalia sana, ndugu. Wakati wa kusikiliza, mtu asisimame mbele wala nyuma ya motokari yenye gia. Weka mawe au mbao nene kwenye magurudumu. Funga kitenge, tai na mikono ya shati mbali na feni na mikanda.

Kriki ni ya kuinua tu. Haishiki motokari mtu akiwa chini. Weka vishikio vya chuma vyenye miguu, mahali pagumu, usukume motokari uone kama inatikisika, kisha ndipo uingie. Matofali hupasuka bila kuaga. Wakati wa mvua, udongo wa lupango hulegea na kriki huzama.

Usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa, hata kama mvua inanyesha. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kikianza kuuma na miguu kulegea, toka nje upesi. Ukimkuta mwenzako ameanguka, fungua milango yote, zima injini, mtoe nje, umpeleke lupitalo.

Usifungue kizibo cha mafuta bwati ikiwa ya moto. Maji ya digrii 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde 5 hivi, na mafuta ya bwati hupita digrii hizo. Ukiungua, tia mahali hapo chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha njoo dispensari. Usipake dawa ya meno, mafuta wala yai.

Tena, motokari ikishindwa njiani kutoka Likasi au Kipushi, usiivute kwa kamba magurudumu yanayoendeshwa na bwati yakiwa chini. Injini ikizimika pampu haifanyi kazi, na gia huzunguka bila mafuta.

MASIKIO YAKO NDIYO CHOMBO

Kazi hii yote inafanywa na masikio. Kelele ya mashine huanza kwa kula sauti nyembamba za juu, na mlio wa gia mara nyingi ni wa aina hiyo. Wataalamu wengi wanaweka mpaka kwenye desibeli 85 kwa saa 8. Ikifika 88, saa 4 tu. Kipimo rahisi ni hiki: ukilazimika kupaza sauti ili mwenzako aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, kelele imezidi. Vaa vizibo vya masikio kwenye mashine ya kusaga mawe, kwenye malori makubwa na gereji. Masikio yaliyokufa kwa kelele hayaponi, na hakuna duka la Lubumbashi linalouza mengine.

Ikiwa mke wako anasikia motokari inalia na wewe husikii, usimbishie. Mpeleke motokari kwa fundi, nawe uje kupimwa masikio.

Bwati hununuliwa. Mkono haununuliwi. Usalama kwanza, kazini na nyumbani!