Kutoka Daftari hadi Kompyuta: Kumbukumbu za Mgonjwa Zinapohama

Katika zahanati na vituo vingi vya afya nchini Tanzania, mgonjwa hufika akiwa na daftari lake mkononi. Ni daftari la kawaida la shule, lenye jina, umri na makazi yaliyoandikwa juu ya jalada. Ndani yake mna malalamiko, vipimo, dawa alizopewa na tarehe ya kurudi. Daftari hilo likilowa mvua, au mtoto akichana kurasa zake akitafuta pa kuchorea, sehemu ya historia ya ugonjwa hupotea pamoja nalo. Upande wa pili wa meza, muuguzi naye ana rejista za MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, na mara nyingi ana kijidaftari chake cha mfukoni alimonakili mambo ya kumkabidhi mwenzake wa zamu inayofuata. Kumbukumbu hizi zote sasa zinahamia kwenye kompyuta na vishikwambi. Inafaa kueleza ni nini hasa kinachopatikana katika kuhama huko, na ni nini kinachoweza kupotea njiani.

Mfano wa mzee wa miaka 58 mwenye shinikizo la juu la damu unatosha kuonesha jambo lenyewe. Mwaka wa kwanza alipimwa kreatinini, kemikali katika damu ambayo huongezeka figo zinaposhindwa kuchuja vizuri, ikaonekana 78. Mwaka uliofuata ilikuwa 92, na mwaka wa tatu 106. Kwa mwanaume, namba zote tatu, zikipimwa kwa mikromoli katika lita moja, huangukia ndani ya kiwango kinachochapishwa na maabara nyingi kuwa cha kawaida. Hivyo kila daktari aliyemwona, kila mmoja katika ukurasa wake, aliandika neno moja: kawaida. Hakuna aliyekosea kusoma jibu lililokuwa mbele yake. Lakini zikiwekwa mstari mmoja, namba hizo zinasema kwamba kreatinini imepanda kwa zaidi ya theluthi, na kwamba uwezo wa figo zake kuchuja damu umepungua kwa zaidi ya robo katika muda wa miaka miwili tu. Huyo ni mtu anayepaswa kuulizwa, kabla ya yote, kama hununua diklofenaki dukani kwa ajili ya maumivu ya magoti, kwa kuwa dawa za jamii hiyo hudhuru figo zilizokwisha kuanza kuchoka.

Mfumo wa kompyuta uliotengenezwa vema huziweka namba hizo tatu pamoja bila kuombwa. Hata hivyo, si haki kulilaumu karatasi kwa kosa la mpangilio. Kadi ya kliniki ya mtoto ni karatasi pia, na mchoro wake wa ukuaji humwezesha hata mama asiyejua kusoma kuona kwamba mstari wa mwanawe umeanza kulala. Daktari wa Marekani, Lawrence Weed, aliandika mwaka 1968 kwamba maelezo ya mgonjwa yapangwe kwa kufuata matatizo yake, badala ya kulundikwa kwa tarehe kadiri yalivyoingia. Kituo kinachohamisha fujo ya daftari na kuitia katika kompyuta kitapata fujo ileile, ila sasa inahitaji umeme.

Manufaa yasiyo na ubishi ni usomekaji. Mwandiko wa matabibu umekuwa kichekesho cha miaka mingi, lakini matokeo yake hayachekeshi. Tabibu anapofupisha neno yuniti kwa herufi U na kuiandika karibu mno na namba, insulini ya yuniti 10 inaweza kusomeka 100, kwa kuwa U iliyofungika juu hufanana na sifuri. Vivyo hivyo 5.0 ambayo nukta yake imefifia huwa 50. Methotreksati, ambayo mgonjwa wa baridi yabisi hutakiwa kuimeza mara moja kwa wiki, imewahi kuua watu walioimeza kila siku kwa sababu ya maelekezo yaliyoandikwa au kusomwa vibaya. Kompyuta huweza kukataa dozi isiyowezekana na kuonya kuhusu mzio uliokwisha kuandikwa. Onyo la mzio lililoandikwa ukurasa wa nne wa daftari lililojaa halimwonyi mtu yeyote.

Lakini kila chombo huja na makosa yake. Kwenye karatasi ni vigumu kuandika dawa ya Asha katika daftari la Juma. Kwenye skrini ni suala la kubonyeza mstari wa juu badala ya ule wa chini. Kwenye karatasi mtu hachoki tu bali pia huona aibu kunakili maelezo ya jana neno kwa neno. Kwenye kompyuta hubandikwa kwa sekunde moja, na mgonjwa aliyekwisha kutolewa mpira wa mkojo huendelea kuwa nao katika maandishi kwa siku tano. Maonyo nayo yakizidi, hasa yale ya mambo madogo, mhudumu huzoea kuyafunga bila kuyasoma, na siku onyo la kweli linapotokea hufungwa pamoja na mengine. Huu ndio udhaifu unaostahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu maandishi yaliyochapwa vizuri huaminika kuliko yanavyostahili.

Jambo jingine ni macho. Mgonjwa anayeeleza kwamba hajapata hedhi kwa miezi mitatu, au kwamba mumewe humpiga, hutazama uso wa anayemsikiliza ili kupima kama aendelee. Akikuta uso umegeukia skrini, hunyamaza. Wahudumu wenye uzoefu huigeuza meza ili mgonjwa naye aone kinachoandikwa, husikiliza kwanza, kisha husema, “Sasa naandika uliyonieleza,” na hapo ndipo huchapa. Dakika hizo mbili hazipotei. Mara nyingi mgonjwa ndiye anayesahihisha jina la dawa.

Mfumo wa serikali wa GoTHOMIS umekwisha kuingia katika vituo vingi vilivyo chini ya halmashauri, na takwimu za afya za nchi hukusanywa kwa DHIS2, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo. Panapokuwa na pengo, muuguzi hujikuta akijaza rejista ya karatasi na kompyuta kwa mgonjwa yuleyule. Kazi ya mara mbili huzaa mkato: huchapwa mwisho wa zamu, kutoka kichwani. Uongozi wa kituo unapaswa kutamka wazi ni ipi kati ya kumbukumbu hizo mbili ndiyo ya kufuatwa, na fomu za karatasi za kutumika umeme unapokatika ziwepo mezani, na atajwe kwa jina mtu wa kuziingiza umeme ukirudi.

Ipo pia njia ya mkato iliyo hatari zaidi, nayo ni simu binafsi. Picha ya kidonda au ya majibu ya maabara hutumwa katika kundi la WhatsApp la wodi kwa nia njema ya kuomba ushauri, kisha hubaki ndani ya simu za watu ishirini, baadhi yao wakiwa wamekwisha kuhama kituo. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, taarifa za afya ni miongoni mwa taarifa nyeti. Nywila moja inayotumiwa na wodi nzima nayo huondoa uwezekano wa kujua nani aliandika nini.

Mgonjwa mwenyewe ana haki ya kuulizwa jina kamili na tarehe ya kuzaliwa kabla ya kuhudumiwa, na asiudhike akiulizwa mara tatu. Vilevile asilitupe daftari lake kwa kusikia kwamba “sasa kila kitu kiko kwenye mfumo”. Mfumo wa kituo kimoja mara nyingi hausomeki katika kituo kingine. Mzio, magonjwa ya kudumu, dawa anazotumia na dozi zake, upasuaji aliofanyiwa, kundi la damu na majibu ya vipimo vya karibuni ndivyo vinavyofaa kuhamishiwa kwanza kwenye kompyuta, na viandikwe pia katika ukurasa wa mbele wa daftari analobaki nalo.

Na yale majalada ya zamani yaliyojaa masijala? Yasiuzwe kwa kilo. Karanga za mtaani hufungwa katika karatasi yoyote ile, na jibu la kipimo cha mtu halipaswi kusomwa na mnunuzi wa karanga. Yahifadhiwe kwa kipindi kinachotakiwa, kisha yateketezwe katika tanuri la hospitali mbele ya mashahidi, na tarehe iandikwe.