Imani ya Wafugaji kwa Hospitali za Umma Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Hospitali ya umma, yaani ile inayomilikiwa na serikali na kuendeshwa kwa fedha za wananchi, haiaminiki kwa sababu tu ni mali ya wote. Katika Garissa, Wajir na Mandera, hospitali ilikuwa kwa miaka mingi sura mojawapo ya dola ileile iliyolitawala eneo hilo kwa sheria za hali ya hatari tangu vita vya shifta vya miaka ya 1960, na ambayo askari wake waliwaua raia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, mnamo Februari 1984. Kwa hiyo mama anayechagua kujifungulia nyumbani mikononi mwa mkunga wa jadi huenda anayajua vyema manufaa ya tiba, ila amepima umbali, gharama, uwezekano wa kuhudumiwa na mwanamume na lugha atakayosemeshwa, akaona nyumbani kuna heshima zaidi.

Wajir yenyewe ilitoa somo ambalo wapangaji wa afya hawajalitumia vya kutosha. Kifua kikuu hutaka dawa zisizokatizwa, ilhali mfugaji hawezi kulazwa wodini miezi mingi huku ngamia wake wakifuata malisho. Mwaka 1976 Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyesomea sheria na wala si udaktari, alianza kusimamia mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani uliowawezesha wagonjwa kuishi katika manyatta ya vibanda vya kihamaji, wakimeza dawa mbele ya mhudumu kwa muda wa miezi sita. Usimamizi wa namna hiyo baadaye ulienezwa na Shirika hilo katika nchi nyingi. Jambo la kuzingatia ni kwamba mgonjwa hakutakiwa kuacha kuwa mfugaji ili atibiwe. Tiba ndiyo iliyobadilishwa umbo.

Ushirikishwaji wa jamii, yaani kuwapa wananchi sehemu katika maamuzi ya huduma, mara nyingi hupunguzwa ukawa uhamasishaji: kipaza sauti, baraza, na imamu anayeombwa kutangaza siku ya chanjo ambayo hakuulizwa ipangwe lini. Katiba ya 2010 inadai zaidi ya hapo, kwa kuwa kifungu cha 10 kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na tangu 2013 hospitali ya rufaa ya Garissa, iliyokuwa ya mkoa, iko chini ya serikali ya kaunti. Kuisogeza mamlaka karibu, hata hivyo, hakuondoi shaka peke yake, hasa pale viti vya kamati za hospitali vinapogawanywa kwa mizani ya koo, na wanawake, ambao ndio wanaobeba watoto kliniki, wakabaki nje.

Kipimo kigumu zaidi ni fedha. Sheria ya mwaka 2023 kuhusu ufadhili wa uboreshaji wa vituo vya afya inaruhusu mapato ya hospitali ya umma yabaki hospitalini humo badala ya kumezwa na hazina ya kaunti. Iwapo hesabu za mapato hayo zitasomwa kwa Kisomali mbele ya wazee, akina mama na vijana, pamoja na orodha ya dawa zilizonunuliwa na zilizokwisha, kamati itakuwa na jambo la kuamua, na mwananchi aliyerudishwa bila dawa atakuwa na mtu wa kumuuliza.