Mlima Londiani, Mama wa Mvua ya Chai

Wapanda milima wengi wa wikendi huivuka Kaunti ya Kericho wakiwa na haraka ya kufika kwingine, wakipiga picha za majani chai barabarani. Wangekata kona kuelekea Londiani, wangekuta mlima wa kuwatosha siku nzima.

Mlima Londiani ni volkano iliyozimika, wenye kimo cha karibu mita 3,000. Kwa kuwa mji ulio chini yake nao uko juu ya mita 2,000, safari si ndefu. Anayeanza mapema hupanda na kushuka mchana huohuo, bila hema. Kuanza mapema ni lazima, maana mvua ya huku hupenda kunyesha alasiri. Njia hupita kwanza kwenye miti iliyopandwa kwa ajili ya mbao, kisha kwenye msitu wa asili wa mierezi, podo na mianzi.

Eneo hili lina uzito wake kwa wenyeji. Tulwap Kipsigis, kilima kilichoko hukohuko Londiani, hutajwa na wazee kuwa ndipo Wakipsigis walipofanya jando lao la kwanza baada ya kuachana na Wanandi. Anayekanyaga ardhi hii aikanyage kwa heshima.

Lakini sababu kubwa ya kuupanda mlima huu ni chai. Kericho na Bomet hupata mvua karibu mwaka mzima, na misitu ya Mau, ambayo Londiani ni sehemu yake, huchangia unyevu na ubaridi ambao bila huo mchai hauwezi kustawi. Mwaka 2009 kikosi kazi kilichoundwa na Waziri Mkuu Raila Odinga kilieleza kwamba takriban robo ya msitu wa Mau ilikuwa imetoweka katika miaka 15 hivi. Ukanda wa Chai wa Nyayo, ulioanzishwa mwaka 1986, ulikusudiwa kuzuia mashamba yasiingie msituni: chai ikiulinda msitu, msitu nao ukiilisha chai.

Ulinzi huo unahitaji pia watu wenye faida ya kuona miti ikibaki imesimama. Basi ukija, pitia ofisi ya msitu ulipie kiingilio, chukua kijana wa hapa akuongoze, ule chakula Londiani, na takataka zako urudi nazo. Mkulima wa Bomet anayesubiri bonasi yake ya chai ana haki ya kukudai hayo.