Sindano ya Damu na Hofu ya Bei Nafuu

Mama aliyejifungua kwa upasuaji, mguu ukavimba kwa damu iliyoganda mshipani, huweza kuandikiwa enoksaparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, inayodungwa chini ya ngozi kila siku. Akitoka Idsowe, kando ya mto Tana, kuitafuta Garsen au Malindi, huenda akaulizwa: Clexane ya Sanofi, au jenerika yake ya bei nafuu? Wengi huiogopa ya pili. Rahisi ghali, husema. Kwa dawa hii methali hiyo inatudhuru, mradi jenerika yenyewe imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya.

Hofu hiyo ina chanzo, na haifai kubezwa. Enoksaparini si kemikali moja iliyo nyepesi kuiga. Ni mchanganyiko wa nyuzi za sukari zilizokatwakatwa kutoka heparini, nayo hutolewa kwenye utumbo wa nguruwe. Sanofi walishikilia hoja hiyo, wakaishtaki mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliyoidhinisha jenerika ya kwanza Julai 2010. Mwaka 2012 mahakama ikaipa FDA ushindi, maana FDA ilikuwa imedai ushahidi kuhusu asili ya heparini, namna inavyokatwa, umbo la nyuzi zake na kazi yake ndani ya damu. Ulaya ilipitia njia yake, ikiihesabu enoksaparini kuwa dawa ya kibiolojia, na mwaka 2016 nayo ikaruhusu dawa za kufanana nayo. Na anayedhani jina kubwa ni ngao akumbuke mwaka 2008, heparini iliyochafuliwa China ilipohusishwa na vifo Marekani. Iliuzwa na Baxter, kampuni kubwa kabisa. Kiwanda kilichotoa malighafi yake kilikuwa hakijakaguliwa na FDA.

Kwetu tatizo ni kuchanganya jenerika na dawa bandia. Mwaka 2012 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliliona kosa hilo ndani ya sheria yenyewe ya kupambana na bidhaa ghushi, akasema linahatarisha haki ya uhai ya wanaotegemea jenerika za Ukimwi. Bandia hudanganya, jenerika hutaja mtengenezaji na hukaguliwa. Muislamu atauliza kuhusu nguruwe, na swali lake ni la haki, ila Clexane na jenerika zake zina asili hiyo hiyo; amuulize daktari kuhusu fondaparinuksi, dawa ya kazi hiyo isiyotokana na mnyama, na mashekhe kuhusu hukumu ya dharura. Mgonjwa yeyote asikubali tu kubadilishiwa heparini ya aina nyingine, kama dalteparini, bila daktari kujua: hiyo si jenerika ya enoksaparini, na vipimo vyake havilingani.

Joto la Tana linastahili hofu kuliko jina la pakiti, kwa kuwa sindano hizi hutakiwa zisipite nyuzijoto 25. Yanastahili hofu mafuriko pia. Mto ukifurika, barabara ya Garsen kwenda Lamu hukatika upande wa Idsowe, na mgonjwa hukaa siku nyingi bila kufika dukani. Nguvu ya enoksaparini huisha mwilini ndani ya siku moja hivi. Mwenye fedha za sindano mbili tu za Clexane, siku ya tatu hana kinga. Fedha hizo hizo kwenye jenerika zingemvusha siku zaidi, maji yakiwa bado barabarani.