Simu ya Dubai ni nafuu kweli? Piga hesabu kabla ya kutuma doo

SAA tatu usiku, umekaa zako kwa nyumba pale Umoja, simu inalia. Ni binamu yako aliyeenda kufanya kazi Dubai. Ametuma picha ya simu moja kali ikiwa kwenye kabati la kioo mtaani Deira, bei imebandikwa: dirham 1,836. Chini ameandika: "Hii huko home ni ngapi? Nakuja Desemba, nikubebee?"

Moyo unaruka. Una Sh70,000 ulizokusanya mwaka mzima kwa kupiga picha harusi na kuchora mabango ya makanisa. Luthuli Avenue ulikuwa umeambiwa simu hiyo ni Sh72,000. Kidole kiko tayari kutuma pesa.

Ngoja kwanza. Mtaani kuna imani kwamba chochote kilichopanda ndege ni cha bei rahisi na ni orijino. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine unaishia kulipa zaidi, na simu yenyewe haishiki laini. Tofauti iko kwenye hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu.

Badilisha kila kitu kuwa dola kwanza

Usilinganishe dirham na shilingi ukikisia kichwani. Dirham ya Milki za Kiarabu imefungwa kwa dola ya Marekani tangu 1997: dola moja ni dirham 3.67 hivi, haipandi wala haishuki. Kwa hivyo dirham 1,836 ni dola 500. Hiyo sehemu imeisha.

Kinachoyumba ni shilingi yetu. Mwanzoni mwa 2024 dola moja iligonga karibu Sh160. Miezi michache baadaye ilikuwa imerudi karibu Sh129. Simu hiyo hiyo ya dola 500, kwenye kabati lile lile, ingekugharimu Sh80,000 Januari na Sh64,500 baadaye mwaka huo. Hakuna aliyepunguza bei Deira. Ni shilingi tu iliyopata nguvu.

Ndiyo maana ushauri wa "mimi nilinunua Dubai mwaka juzi kwa bei hii" haukusaidii. Benki Kuu ya Kenya huchapisha kiwango cha ubadilishaji kila siku ya kazi kwenye tovuti yake. Anzia hapo, kisha kumbuka kwamba wewe hutapata kiwango hicho. Benki, kadi na huduma za kutuma pesa hujiwekea chao katikati. Tuseme wanachukua asilimia 3: kwa Sh64,500, hiyo ni Sh1,935 imeenda. Sasa uko Sh66,435.

Bei ya kabatini si bei ya kaunta

Hapa Kenya umezoea bei iliyoandikwa ndiyo unayolipa, VAT ya asilimia 16 ikiwa ndani tayari. Si kila nchi iko hivyo.

Marekani, bei ya kabatini huwa haina ushuru wa mauzo. Simu ya dola 499 ukiinunua jiji la New York, ambako ushuru huo ni asilimia 8.875, utatoa karibu dola 543 kwa kaunta. Ukiinunua jimbo la Oregon, utalipa 499 tu, kwa sababu huko hawatozi ushuru huo. Kwa hivyo jamaa yako akisema "huku States ni 499", muulize yuko jimbo gani.

Uingereza, VAT ya asilimia 20 huwa ndani ya bei. Zamani mgeni alikuwa anarudishiwa akiondoka na bidhaa alizonunua dukani, lakini mpango huo uliondolewa Uingereza, Scotland na Wales kuanzia Januari 2021. Anayekuambia utarudishiwa asilimia 20 pale Heathrow anakupa habari za kale.

Dubai, VAT ni asilimia 5 na ilianza 2018. Mtalii anaweza kudai arudishiwe akiwa uwanja wa ndege, ada kidogo ikikatwa. Kwa simu yetu ya dirham 1,836, ushuru uliomo ndani ni kama dirham 87, yaani Sh3,000 hivi. Lakini soma vizuri: ni mtalii. Binamu yako anayefanya kazi huko ana kibali cha ukaazi, kwa hivyo hizo Sh3,000 haziko kwenye hesabu yenu.

Njia ya kurudi nyumbani

Kwa nini simu ni ghali zaidi Nairobi? Sehemu kubwa ya jibu ni ushuru. Simu inayoingizwa na mfanyabiashara hulipiwa ushuru wa forodha na ada nyingine za uagizaji, VAT ya asilimia 16, na tangu Sheria ya Fedha ya 2022, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10. Ukiagiza mtandaoni na kuletewa kama kifurushi, wewe ndiye mwagizaji. Gharama hizo zitakungoja kabla hujaiona simu.

Anayeibeba mkononi ana nafuu, kwa sababu sheria ya forodha ya Afrika Mashariki humruhusu msafiri kuingia na vitu vya matumizi yake hadi thamani fulani. Unakumbuka zogo la Novemba 2023? KRA ilikumbusha watu kuhusu kikomo cha dola 500, na Wakenya wakawaka mtandaoni. Kwa kikomo hicho, simu ya binamu yako peke yake ilikuwa inakijaza chote. Kiwango hiki kimekuwa kikijadiliwa tangu wakati huo, kwa hivyo angalia tovuti ya KRA wiki ile ya safari, si mwaka mmoja kabla.

Na nafuu hiyo ni ya matumizi binafsi. Mtu akitua JKIA na simu tano zikiwa kwenye maboksi, hata kama kila moja ina mwenyewe pale Kayole, afisa ataona biashara. Usimweke ndugu yako kwenye hali ya kujieleza mbele ya kaunta ya forodha kwa sababu mtaa mzima ulimpa orodha.

Kuna pia mambo ya IMEI, ile nambari ya tarakimu 15 unayoiona ukipiga *#06#. Mwishoni mwa 2024, Mamlaka ya Mawasiliano na KRA zilitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2025 simu zinazoingia nchini zingetakiwa kutangazwa kwa nambari hiyo ili kuthibitisha ushuru umelipwa. Julai 2025, Mahakama Kuu ikabatilisha maagizo hayo baada ya kesi iliyoibua suala la faragha. Fuatilia habari hizo; sheria za simu hapa kwetu hubadilika haraka.

Je, itafanya kazi hapa?

Mimi nilishaletewa simu kutoka Marekani, safi kabisa, haina hata mkwaruzo. Nikaweka laini, ikakataa. Ilikuwa imefungwa kwa mtandao wa huko kwa sababu aliyeinunua mwanzo alikuwa ameichukua kwa mkataba. Fundi mmoja akaitisha Sh4,500 kuifungua, akashindwa, na pesa hazikurudi. Nilibaki na kioo cha kuangalia saa.

Uliza mambo manne kabla pesa haijatoka. Moja, je, imefunguliwa kwa mitandao yote? Mbili, ina nafasi ya laini? Tangu iPhone 14 ya mwaka 2022, iPhone zinazouzwa Marekani hazina kabisa tundu la laini, ni eSIM tu. Kama wewe ni wa kuhamisha laini kutoka simu hadi nyingine kila bando likiisha, hiyo itakusumbua. Tatu, ni toleo la soko gani? iPhone ya Japani, kwa mfano, inaweza kupiga sauti kila unapopiga picha na ukashindwa kuizima. Kwa mpiga picha wa harusi na matanga, hilo si jambo dogo. Nne, umeme wake ni upi? Chaja nyingi za simu na laptopu zimeandikwa 100–240V, hizo ni sawa. Lakini kifaa cha Marekani kilichoandikwa 120V pekee, ukikichomeka kwa umeme wetu wa 240V, utanusa moshi. Dubai na Uingereza zinatumia soketi ya pini tatu kama yetu, hapo hakuna shida.

Mwisho ni waranti. Simu nyingi zina waranti ya nchi au eneo zilikouzwa. Ikizima wiki ya pili, duka la Deira liko saa tano za ndege kutoka hapa. Duka la Luthuli liko safari moja ya matatu namba 58 kutoka Buruburu, na ukiwa na risiti unaweza kusimama pale mpaka wakusikilize.

Jumla ya mwisho

Turudi kwa simu yetu. Bei ya Dubai ni Sh64,500. Makato ya kutuma na kubadilisha pesa, Sh1,935. Na hutampokea binamu mikono mitupu baada ya kukubebea mzigo. Weka Sh3,000 za asante na nauli ya kumfuata uwanja wa ndege. Umefika Sh69,435. Luthuli ni Sh72,000, na hiyo ni bei ya kuulizia, kabla hujaanza kubishana.

Tofauti ni chini ya Sh2,600. Hicho ndicho unacholipwa ili ukose waranti, ungoje hadi Desemba na uombe sanduku lisipotee njiani. Tofauti ingekuwa Sh20,000, na kwa laptopu za bei kubwa huweza kufika huko, ningekuambia mwambie anunue leo. Kwa Sh2,600, mimi ningeenda Luthuli.

Tena kabla ya Luthuli, pitia Islii. Wenyeji wa Eastlands wakati mwingine tunasahau kwamba mabingwa wa kulinganisha bei za nchi ni majirani zetu. Mapema miaka ya 1990, wafanyabiashara wa Kisomali waligeuza vyumba vya hoteli ya Garissa Lodge kuwa maduka, na bidhaa za Dubai zikaanza kumiminika. Leo Islii imejaa majengo ya biashara. Wenye maduka wale hufanya hesabu hii kila wiki kwa mamia ya bidhaa, na hununua kwa jumla. Bei ambayo binamu yako anaiona kwenye kabati la Deira ni ya rejareja, wao hawailipi.

Hata wachumi hucheza mchezo huu. Mwaka 2007, kampuni ya CommSec ya Australia ililinganisha bei ya iPod nano katika nchi nyingi. Brazil ilikuwa ghali kuliko zote na Canada ikawa ya bei rahisi zaidi. Kifaa ni kile kile. Kilichotofautiana ni ushuru, sarafu na njia ya kufika dukani, mambo yale yale tuliyopiga hesabu hapa.

Jambo moja la mwisho, na hili halina namba. Wengi wetu tuna ndugu Ghuba, na wengi wao wako huko kwa kazi ngumu. Ukimwomba akununulie kwanza "nitakurudishia", unakopa jasho lake. Tuma pesa yote kabla anunue, pamoja na makato. Mwombe apige picha ya risiti na ya IMEI kabla hajatoka dukani. Kubalianeni mapema nani atabeba hasara simu ikifika imekufa. Ni aibu kidogo kuandikiana hayo na damu yako, lakini nimeona mabinamu wawili hapa mtaani hawasalimiani hadi leo kwa sababu ya simu iliyovunjika kioo ndani ya sanduku.

Sasa mjibu binamu yako. Mwambie umeiona picha, na unampigia hesabu asubuhi.