Makutupora au Syrah: Eka ya Kwanza Ipande Zabibu Gani?

Mstaafu anayefika Dodoma na kiinua mgongo chake, akitaka kuwa mkulima wa zabibu, huanza kwa kuuliza bei ya miche. Hapo si pa kuanzia. Pesa huliwa na nguzo, waya na maji. Ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 2, eka moja inameza mashina kama 670, na yote yanataka kubebwa juu ya waya, yawe ya aina inayosifiwa au ya kawaida.

Tofauti huonekana kwenye kuvuna na kuuza. Makutupora nyekundu, iliyopewa jina la eneo lenye kituo cha utafiti wa zabibu kaskazini mwa jiji, ndiyo waliyoizoea wakulima wengi. Imelizoea jua kali na udongo wa kichanga, na huzaa vizuri. Syrah asili yake ni bonde la mto Rhône, Ufaransa; vipimo vya vinasaba vya miaka ya 1990 vilionyesha kuwa ni mtoto wa Dureza na Mondeuse Blanche. (Ile hadithi ya kwamba ilitoka Shiraz, Uajemi, ni tamu, lakini ni hadithi tu.) Punje zake ni ndogo na rangi yake nzito. Rangi ya mvinyo mwekundu hutoka kwenye ganda, si kwenye maji ya tunda, ndiyo maana watengeneza mvinyo huitaka, pamoja na ile harufu yake ya pilipili manga. Mkulima anayelipwa kwa kilo ana hesabu nyingine: punje ndogo hazijazi kreti upesi.

Dodoma haina baridi ya kuulaza mzabibu. Mkasi ndio unaouamsha: unapogoa, na baada ya miezi minne hivi unavuna, mara mbili kwa mwaka. Lakini misimu hiyo miwili haigharimu sawa. Mavuno ya Februari na Machi hukutana na mvua, na mvua huja na ubwiri, vichala vinavyooza, dawa za kila mara na sukari iliyozimuliwa. Ya Agosti na Septemba huwa na sukari ya juu, ila sasa unalipia maji. Asiye na kisima asijidanganye kwamba ana misimu miwili.

Halafu soko. Zabibu ikishakatwa haingoji. Waliochoka kusubiri lori la kiwanda cha mvinyo hukamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu. Kilo 100 hutoa kama lita 60 hadi 70, ila utahitaji matangi na usafi usio na mzaha. Kiwanda kikichelewa, Makutupora unaweza kuipeleka kando ya barabara ikaliwa. Syrah, kwa punje zake ndogo zenye kokwa, mpita njia haiulizi.

Kwa hiyo eka ya kwanza ningeipa Makutupora. Syrah ningeitengea robo eka baadaye, kwa mkataba ulioandikwa kabla ya kuchimba mashimo: mnunuzi anataka sukari ya kiwango gani, nani anapima, analipa baada ya siku ngapi. Akikataa kuyaandika hayo, usiipande.